Pichi ya Saa Nne

Kwa miaka arobaini na moja watu wa Bagno Nerina, ufuo wa kukodi miavuli na viti, waliamini kwamba Mwalimu Fosca haingii baharini kwa sababu ya tumbo. Si kwamba tumbo lilikuwa bovu, la. Lilikuwa zima kabisa, ila lilikuwa halikai tupu. Na katika ufuo ule, kuanzia mtoto wa kutambaa hadi kikongwe wa kushikwa mkono, kila mtu anajua kwamba ukishakula unahesabu saa tatu kamili kabla ya kugusa maji, la sivyo chakula kinagandia tumboni nawe unakwenda chini kama nanga.

Sasa Mwalimu alikunywa kahawa na biskuti saa mbili asubuhi. Saa nne alitoa pichi moja kwenye kikapu, akaimenya kwa kisu kidogo chenye mpini wa mfupa, ganda likishuka refu bila kukatika, akaila taratibu kama mtu asiye na haraka na dunia. Saa saba chakula cha mchana. Saa kumi kipande cha keki ya limau. Piga hesabu mwenyewe uone kama kuna mwanya.

"Mwalimu! Leo maji kama supu, njoo!" Mimma alikuwa akimwita kutoka ukingoni, maji yakimfika mapajani. Mimma ndiye jirani yake wa mwavuli, mke wa mwoka mikate, na hakuna habari iliyopata kupita mbele yake ikaenda zake salama.

"Ningekuja, shoga yangu, ila ndiyo kwanza nimekula pichi."

Hapo hata Mimma alijitosa peke yake. Saa tatu ni saa tatu.

Ukweli ulikuwa mdogo na wa aibu: Mwalimu Fosca Bartolucci, aliyefundisha Kilatini sekondari miaka thelathini na sita, aliyeogopwa na nusu ya mji, hakujua kuogelea. Maji yakipita magoti, moyo ulimpanda kooni. Aliyeijua siri hiyo alikuwa mtu mmoja tu, mumewe Learco, na Learco alikuwa kinyozi. Kinyozi anayejua kufunga mdomo ni mali.

Kila asubuhi ya kiangazi, kabla ya kufungua duka, Learco aliingia baharini akaogelea hadi kwenye mawe yaliyopangwa huko mbele kuvunja mawimbi. Mita mia mbili, labda na zaidi. Akifika alipanda juu ya jiwe, akainua mkono. Naye Fosca, chini ya mwavuli namba ishirini na tatu, safu ya pili, aliinua kitabu. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao. Watu wengine wanabusiana.

Walijuana papo hapo ufuoni, yeye mwalimu mpya wa miaka ishirini na tisa, Learco akitoka majini anadondosha maji juu ya taulo lake.

"Dada, wewe huogelei?"

"Nimekula."

"Basi nikufundishe ukishamaliza kusaga."

Fosca, kwa kuficha aibu, akaanza kumfundisha yeye. Akamweleza kwamba hilo neno lao la kuogelea, nuotare, lina ukoo mrefu. Warumi wa kale walikuwa na neno fupi tu, nare. Halafu wakalizaa jingine kutoka humo, natare, la mtu anayeogelea na kuogelea, hasiti, anapiga mkono na kuupiga tena. Watu wa sokoni, ambao hawakuwa na habari na vitabu, wakaligeuza mdomoni likawa notare. Na kutoka hapo likawafikia wao, nuotare.

Learco alisikiliza mpaka mwisho, maji yakimkauka mgongoni. "Vizuri," akasema. "Wewe unajua neno lilikotoka. Mimi najua linakokwenda." Akanyoosha kidole kwenye mawe.

Mwaka uliofuata wakaoana.

*

Mwezi wa pili wa mwaka huo wa arobaini na moja Learco alianguka dukani, mkasi mkononi, mteja amejaa povu. Kiharusi. Hospitali walimrudisha akiwa hai, na Fosca alishukuru kwa hilo kila siku, lakini mkono wa kulia ulikuwa umelala, mguu unaburuta, na maneno yote ya miaka sabini na mbili yalikuwa yameondoka. Lilibaki moja. Tena.

Akitaka kahawa: "Tena." Akiwa na hasira kwa sababu wamemletea kahawa: "Tena!" Mimma alipokuja kumwona na sinia la tambi za kuoka, alimshika mkono akalia, naye Learco akambembeleza: "Tena, tena." Mimma akatangaza mji mzima kwamba mgonjwa ameomba tambi nyingine, ikawa kila Jumapili yanaletwa masinia matatu.

Kiangazi kilipofika, msichana wa mazoezi ya viungo akasema, "Mpelekeni baharini. Maji yatambeba, huo mguu na mkono vitapata kazi. Ila asiingie peke yake, hata mara moja."

Wakajaribu. Loredana, mwenye Bagno Nerina na mwokoaji wake pia, mwanamke wa mabega mapana na sauti ya kuita watu kutoka bandari nyingine, alimshika Learco upande mmoja, na mume wa Loredana akamshika mwingine. Wakaanza kumpeleka. Na ufuo mzima ukasimama kumwangalia. Kwa mapenzi, jamani, si kwa ubaya. Kila mwanamume pale alikuwa amewahi kukaa kwenye kile kiti chake cha kunyolea. Akaanza mmoja kupiga makofi, wakafuata wote, mwingine akapaza sauti, "Hodari, Learco! Kama mtoto anayejifunza kutembea!"

Maji yalikuwa yamefika magotini tu. Learco alisimama. Shingo ikawa nyekundu mpaka nyuma ya masikio. Akajitoa mikononi mwao, akarudi akiyumba, akafika kwenye mwavuli, akakigeuza kiti. Akaipa bahari mgongo.

Ukawa ndio mtindo wake. Juni yote, Julai yote, watu wanaangalia maji, Learco anaangalia vibanda vya kubadilishia nguo. Mazoezi akayaacha. Mkono wa kulia akauweka mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akishike kidogo. Fosca alijua kwamba Jumapili ya pili ya Septemba miavuli inafungwa, na kwamba baada ya hapo kuna vuli, na baridi, na kile kiti kingeingizwa sebuleni na kuelekezwa ukutani.

Atamkubali nani kumwingiza majini? Si mwokoaji. Si mtu yeyote aliyewahi kunyolewa naye. Fosca aliangalia orodha ya watu akilini, akaifupisha, akaifupisha, likabaki jina lake mwenyewe. Akasikia moyo umempanda kooni, na hata hakuwa majini.

*

Alikwenda baani pale ufuoni asubuhi na mapema, kabla Mimma hajafika. Loredana alikuwa anafuta mashine ya kahawa.

"Nataka unifundishe kuogelea."

Kitambaa kikasimama. "Nani? Wewe, Mwalimu?"

"Mimi."

"Na pichi?"

"Pichi ni uongo."

"Miaka arobaini?"

"Na mmoja."

Loredana alicheka mpaka akatafuta kreti la bia akalikalia. Akafuta macho kwa kile kitambaa cha mashine, akabaki na alama ya kahawa shavuni. Halafu kicheko kikamwisha, akamtazama.

"Mwalimu, unakumbuka uliniangusha Kilatini mara mbili?"

"Nakumbuka."

"Nikarudishwa Septemba kufanya mtihani upya, mara mbili. Viangazi viwili niko jikoni kwa bibi yangu na lile likitabu, dirisha liko wazi, nawasikia wenzangu wote wanapiga kelele majini. Mimi! Samaki mimi!"

"Ulistahili kuanguka, Loredana."

"Nilistahili. Sijasema sikustahili." Akasimama. "Kesho saa kumi na mbili asubuhi. Tumbo tupu. Na ukichelewa dakika moja, nakurudisha Septemba."

Fosca alifika saa kumi na mbili kasorobo, na daftari. Loredana akamnyang'anya lile daftari, akaliweka mchangani, akaliwekea kandambili juu lisiruke.

Siku ya kwanza waliishia kiunoni. Siku ya pili Fosca aliambiwa alale chali, Loredana amemwekea mkono chini ya mgongo, akakakamaa kama ubao wa kupigia pasi akazama miguu kwanza. Siku ya nne akameza maji mengi hata akaona kifungua kinywa hakina haja.

"Mwalimu, funga mdomo, unaimaliza bahari!"

"Nikinyamaza naogopa."

"Basi sema. Sema chochote unachokijua mpaka usingizini. Lakini sema ukitoa pumzi, si ukivuta."

Fosca akafikiri. Akaweka uso karibu na maji, akasukuma mkono wa kulia. "Nare." Mkono wa kushoto. "Natare." Kulia. "Notare." Kushoto. "Nuotare." Akaogopa, akasimama. Akageuka kuangalia nyuma. Alikuwa ametoka alipokuwa.

"Ebo!" Loredana alisema, mikono kiunoni. "Kumbe Kilatini kina kazi. Ungeniambia wakati ule nisingeanguka."

Kuanzia hapo ndivyo alivyokwenda, maneno manne, mikono minne, kisha anaanza upya. Warumi wakimshika asizame, wale wa vitabuni na wale wa sokoni. Nyumbani alimkuta Learco amekaa mezani; yeye Fosca nywele zina chumvi, na hakuwahi kuulizwa. Kuulizwa kungehitaji maneno. Mara moja tu alimwona ananusa hewa alipopita.

*

Ikafika wiki ya kwanza ya Septemba. Loredana akamwambia, "Sasa utaingia mchana, saa tano, watu wakiwepo. Mumeo hatoki nyumbani saa kumi na mbili, au siyo? Kama unafanya kwa ajili yake, lazima akuone. Kifungua kinywa kula saa mbili kama kawaida. Halafu, Mwalimu, saa nne hakuna pichi."

"Watajua."

"Wajue!"

Basi siku hiyo ikafika saa nne. Mimma alikuwa anafuma, hatazami mtu, maana yake anatazama kila mtu. Ikafika saa nne na dakika tano. Sindano zikapunguza mwendo. Saa nne na robo zikasimama.

"Settimia," alimwambia mwenzake wa mwavuli wa nyuma, kwa ile sauti yake ya chini inayosikika hadi barabarani. "Mwalimu hajala pichi."

"Acha!"

"Kikapu hiki hapa. Kisu hiki hapa. Hajala."

"Anaumwa, maskini. Ni mawazo ya mumewe."

"Au zimekwisha sokoni?"

"Mimi nimenunua kilo mbili leo leo!"

Habari ikapita safu ya pili, ikaruka safu ya tatu, ikanywa kahawa baani, ikarudi kupitia safu ya kwanza ikiwa imenenepa: Mwalimu ana tumbo, Mwalimu kapata barua kutoka hospitali, Mwalimu amekula nadhiri. Settimia akaja na pichi mbili kwenye karatasi. "Kula, mama. Moja tu. Kwa ajili yangu."

"Asante, Settimia. Leo sili."

Ndipo Learco alipogeuka.

Aligeuza kichwa kwanza, taratibu. Akatazama kikapu. Akatazama kisu kilicholala hakijaloa. Watu wote pale walikuwa wanajiuliza kwa nini Mwalimu hajala, lakini yeye peke yake ndiye aliyejua pichi ile ilikuwa ya kazi gani. Akainua macho, akamtazama mkewe, nywele zile za chumvi. Fosca alihisi uso unamwaka kama msichana.

"Ndiyo," akamwambia. "Ni hivyo unavyofikiri."

Saa tano kamili akavua gauni, akaenda kuelekea maji. Nyuma yake alisikia kiti kinaburutwa mchangani, kinageuzwa.

Alitembea mpaka maji yakamfika kifuani. Loredana alikuwa mita tatu pembeni, anajifanya anakagua kamba ya maboya. Fosca akatoa pumzi. Nare. Natare. Mikono kumi na miwili aliipiga, labda kumi na mitatu, mkono wa kushoto ukifanya mambo yake ya ajabu kama kawaida. Halafu akatafuta chini kwa mguu, chini hapakuwapo. Akanywa maji, akapapatika, akarudi nusu kwa kuogelea nusu kwa kupigana, mpaka vidole vikagusa mchanga. Akasimama anakohoa.

Loredana alikuwa amekwisha kufika. "Nipe mkono."

"Wewe kaa." Fosca alifuta macho. Hakuwa ameipanga hivi. Alikuwa ameipanga atoke, amwendee mumewe, amwambie, njoo nikushike. Sasa alielewa kwamba Learco asingekuja kushikwa, hata naye, hata ufuo ungekuwa mtupu. Na tena hilo la kumshika lilikuwa uongo mwingine kama wa pichi. Hakuwa na uwezo wa kumshika mtu.

Akaita, sauti ile ya darasani.

"Learco! Mkono wangu wa kushoto una nini?"

Vichwa vikageuka.

"Nakuuliza! Umeniona, sema kosa liko wapi! Huyu hajui kunifundisha!"

Loredana alimtazama. Aliwahi kuanguka Kilatini, si akili. Akainua mikono miwili juu. "Kweli, Mzee Learco, mimi nimeshindwa. Mwanafunzi huyu kichwa kigumu, tena mjeuri. Mchukue mwenyewe, nimechoka!"

Learco alikuwa amekwisha kusimama. Mkono wa kushoto kwenye fimbo, akashuka safu ya pili, akapita safu ya kwanza, mguu ukichora mstari mchangani. Watu wakaanza kuinuka kwenye vitanda vyao. Mmoja akaviweka viganja tayari kwa makofi.

"Weee!" Mimma aliruka, donge la uzi wa kufumia likamwanguka. "Atakayepiga makofi nitamlisha hii sindano! Geukeni! Wote! Hii si sinema! Settimia, geuka!"

"Lakini Mimma, kidogo tu..."

"Geuka!"

Na hili, ukiwauliza wa Bagno Nerina, watakuapia kwamba halijapata kutokea na halitatokea tena: safu sita za miavuli, watu ambao hawajawahi kuacha jambo lipite bila kulitazama, walisimama wakaipa bahari mgongo. Mimma mwenyewe akiwa wa mbele, macho kayafumba kabisa, kwa sababu alijijua.

Learco aliiacha fimbo ukingoni. Maji yakampokea magotini, akaendelea. Mapajani, kiunoni. Pale mguu uliokuwa unaburuta ukaacha kuburuta, Fosca aliuona ukinyanyuka mwepesi kama wa zamani. Akamfikia. Hakumkumbatia. Aliushika mkono wake wa kushoto kwa mkono wake mzima, akaukagua kama anakagua wembe, akaupindisha kidogo kiwikoni, akamsukuma kichwa kiingie majini. Kisha akapitisha kiganja chini ya tumbo lake.

Fosca akalala juu ya kiganja kile. Nare, natare.

"Tena," alisema Learco.

Miezi saba alikuwa analisema neno hilo kwa kila kitu, kwa kahawa na kwa machozi. Hii ilikuwa mara ya kwanza ambapo hakulazimika kumaanisha kitu kingine. Fosca alilisikia, na asingesimama kwa lolote.

"Tena." Akapiga. "Tena."

Kwenda na kurudi, sambamba na ufuo. Mara ya tano alishituka kwamba viganja vilivyomshika vilikuwa viwili. Mkono wa kulia haukuwa na nguvu, maji ndiyo yaliyouinua, lakini ulikuwepo, umemgusa mbavuni. Fosca akaendelea kupiga mikono. Aliogopa kuushitua.

"Wamefika wapi?" Mimma alinong'ona, macho bado kayafumba.

"Kiganja kiko chini ya tumbo," Settimia alijibu. "Anampitisha kwenye maboya."

"Wewe! Si nimesema geuka?"

"Nimegeuka, shoga. Nina kioo cha poda."

Jicho moja likafumbuka.

"Hebu sogea," alisema Mimma.

*

Walipotoka vidole vya Fosca vilikuwa vimekunjamana na midomo ya Learco ina rangi ya zambarau. Watu wote walikuwa wanasoma magazeti, mengine juu chini. Fosca alimfunika mumewe taulo, akakaa, akachukua moja ya pichi za Settimia. Alikuwa na njaa ambayo hakuwahi kuijua pale ufuoni. Akaimenya, ganda likakatika mara tatu.

Akaikata katikati. Learco akanyoosha mkono kuchukua nusu yake, na mkono alionyoosha ulikuwa wa kulia. Vidole vikafunga nusu, vikachelewa, pichi ikaanguka mchangani. Akaitazama pale chini.

"Tena," Fosca alisema, akampa nusu nyingine.

Hiyo aliishika. Aliila yote, maji yake yakimchuruzika kidevuni, uso umeelekea kwenye mawe.

"Haya, mmekula nyie," Mimma alisema bila kuinua macho kwenye ufumaji wake, na sauti yake haikuwa imara sana. "Sasa mpaka saa tisa. Saa tatu kamili, Mwalimu, hakuna kuchakachua."

Fosca alichukua saa yake ya mkononi kwenye kikapu, akaivaa, akaitazama. Ilikuwa saa sita na dakika mbili. Miaka arobaini na moja amehesabu saa tatu zisiishe. Akasogeza kiti chake karibu na cha mumewe, wakakaa wanazisubiri.